Maswali ya Wasomaji: Masharti ya Ubaoni na Masharti ya Sokoni

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Asubuhi ninafundisha shule ya msingi hapa Nyegezi, na jioni ninawafundisha Kiswahili watu wazima sita waliokuja Mwanza kikazi: wauguzi wawili kutoka Ujerumani, mhandisi kutoka China, mtawa kutoka Ufaransa, Mwingereza mmoja mtaalamu wa samaki, na mfanyabiashara kutoka Burundi. Nyakati za -na-, -li- na -ta- wamezimudu vizuri. Tulipofika kwenye sentensi za masharti, darasa likakwama. Niliwachorea jedwali la -ki-, -sipo-, -nge- na -ngali-. Wakalinakili, wakalikariri, lakini wakishatoka mlangoni hakuna anayelitumia. Tena mtawa na yule Mwingereza hawaachi kuniuliza: mtu akisema "nikija", atakuja kweli au huenda asije? Nifanyeje?
Mwalimu wa jioni, Nyegezi

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Jedwali lako halina kosa, ila limetangulia haja. Anayelitazama anaona viambishi vinne vimepangwa mstari mmoja kana kwamba vina uzito sawa, ilhali kwa mtu anayeishi Mwanza -ki- ni ya kila saa na -ngali- huenda ikapita wiki nzima hajaisikia. Zaidi ya hayo, mtu haweki sharti kwa sababu analijua umbo lake. Huliweka kwa sababu kuna jambo analolitaka au analolihofia, na mwenzake ndiye mwenye uwezo wa kumpa au kumnyima. Darasani kwako hakuna anayehofia kitu. Nje ya darasa, kuanzia kondakta hadi mwenye nyumba, kila mtu anawawekea wanafunzi wako masharti, nao huitikia kwa kutikisa kichwa tu.

Wazo la kumfundisha mtu mzima kwa kutumia shughuli zake si geni katika mji wako. Kati ya mwaka 1968 na 1972 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, katika mikoa minne ya Kanda ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Katikati ya kipindi hicho, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Vitabu vya mradi huo vilijengwa juu ya pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, hivyo mkulima alikutana na herufi ndani ya jambo ambalo tayari alilijua kuliko mwalimu wake. Wanafunzi wako wanajua kusoma, lakini hali yao inafanana na ya mkulima yule: wanayajua mambo na wanakosa maneno ya kuyasemea.

Kwa hiyo anza na njia ya kwenda nyumbani. Mwambie muuguzi mmoja amwelekeze mwenzake kwake kutoka mjini, naye atalazimika kusema: "Ukipita Mkuyuni na Butimba, ukifika Nyegezi, shuka. Ukivuka barabara, utaona duka la dawa. Ukishalipita, uliza." Katika maelekezo hayo mafupi -ki- imetokea mara nne, na mara moja imekuja na -sha-, bila mtu yeyote kuiita sarufi. Utaona pia kwamba baada ya -ki- kumefuata amri, "shuka" na "uliza", si -ta- peke yake. Vitabu vingi huwapa wageni mfano wa "ukija, tutakula" wakadhani upande wa pili lazima uwe wakati ujao, kisha wanaposikia "ukichoka, pumzika" wanababaika.

Baada ya njia, wapeleke sokoni. Niliwahi kumpeleka mwanafunzi wangu mmoja, daktari wa mifugo kutoka Uholanzi, katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nikiwa nimempa kazi moja tu: anunue dagaa bila kutamka neno "kama". Mama mmoja aliyeketi nyuma ya lundo la dagaa wakavu alimtajia bei ya ndoo. Mwanafunzi akatazama juu, vidole vyake vikihesabu silabi, kisha akasema: "Nikichukua ndoo mbili, utanipunguzia?" Yule mama hakusifu sarufi. Alikung'uta mchanga viganjani, akamjibu bila kumtazama: "Ukichukua mbili nitakuongezea kopo moja. Nikikupunguzia bei, mimi nitakula nini?" Na alipoona mteja anasita, akaongeza: "Usipochukua leo, mwezi unakua huo, wiki ijayo utawatafuta." Kwa maneno machache alikuwa amempa ahadi, malalamiko na onyo, kila kimoja ndani ya sharti lake.

Neno lake kuhusu mwezi lilitupa somo la siku iliyofuata. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi nyingi za sola. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haziwavuti, na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Hapo -ki- haizungumzii jambo moja litakalotokea au lisitokee, bali desturi ya kila mwezi, na upande wa pili hupenda kuchukua hu-: "Mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi hupumzika." Matumizi haya hayamo katika jedwali lako, nami nashauri yaingie kabla ya -nge-, kwa kuwa mtu mzima anayefanya kazi huzungumzia desturi kila siku: bei ikipanda watu hufanya nini, umeme ukikatika wao hufanya nini.

Kwa nini nilimkataza "kama"? Si kwa sababu ni kosa. Akisema "kama utapunguza, nitachukua", muuzaji atamwelewa na biashara itafanyika. Tatizo ni kwamba kwa mgeni kutoka Ulaya neno hilo ni mkongojo: linafanana na neno lake la kwao, husimama peke yake mwanzoni mwa sentensi, na akilizoea hataliacha kamwe akaishika -ki-. Mrudishie baadaye, mahali ambapo linafaa kweli, yaani panapozungumziwa jambo ambalo tayari liko hivyo au haliko hivyo, ila msemaji halijui: "Kama umelipa, pita." "Kama huyo ni sato, nitamchukua. Kama ni sangara, hapana."

Sasa swali la mtawa na Mwingereza. Utagundua kwamba wauguzi wako Wajerumani hawakukuuliza, na sababu ni kwamba lugha yao nayo hutumia neno moja kwa jambo lenye shaka na kwa jambo linalosubiriwa. Mwingereza na Mfaransa wana maneno mawili, hivyo wanaona kana kwamba Kiswahili kinawaficha kitu. Waambie kwamba -ki- haitoi hukumu juu ya hakika. Inafunga tu jambo la pili kwa la kwanza, na hakika hupatikana katika mazingira. "Jua likizama tutawasha taa" haimtilii mtu shaka juu ya jua. "Akinilipa nitakulipa" inamtia mdai shaka kubwa. Msemaji anayetaka kuonyesha kwamba jambo litatokea bila shaka anayo njia yake, ambayo ni -taka- pamoja na -po-: "Meli itakapofika, nipigie." Anayesema hivyo anaingoja meli. Anayesema "meli ikifika, nipigie" huenda anaingoja, huenda amekwisha kuikatia tamaa. Waache wabishane juu ya sentensi hizo mbili kwa robo saa. Hakuna zoezi la kitabuni litakalowapa zaidi.

Kuna kikwazo kingine ambacho hukukitaja, lakini nina hakika kimo darasani kwako. Mwanafunzi akishaijua -ki-, mpe neno "kivuko". "Kivuko kikifika, tutapanda": ki ya kwanza ni ya ngeli, ya pili ni ya sharti. "Ukikiona kivuko, niite": hapa ya sharti imetangulia, na ya pili ndiyo inayowakilisha kivuko kama kitu kinachoonwa. Nimemwona mtu mzima mwenye shahada mbili akicheka mpaka machozi kwa "kikikikuta", ambayo ni sentensi halali kabisa pale kitabu kinapokikuta chakula mezani. Usiyakimbie maneno haya. Andika sentensi tatu za kivuko cha Kamanga, wakate viambishi kwa mkasi wa karatasi na kuvitaja kimoja kimoja. Baada ya hapo hawatachanganya tena ki za kazi tofauti.

Nalo -sipo- lisingoje. Wengi wetu hulifundisha mwishoni, kana kwamba kukanusha ni anasa, wakati maonyo ya kazini karibu yote yamesimama juu yake. Muuguzi anahitaji "usipomaliza dozi, ugonjwa utarudi", na anapozungumza na watoto wa ufukweni anahitaji jozi nzima: "Ukioga katika maji yenye konokono, unaweza kupata kichocho, usipotibiwa, kitakudhuru ndani." Mhandisi anahitaji "zege lisipomwagiwa maji, litapasuka". Mtaalamu wa samaki atafurahi kukuta sheria anayoijua imekaa ndani ya sarufi asiyoijua: sangara asipofikisha sentimita 50, hairuhusiwi kumvua. Mwanafunzi aliyeyasema haya mara ishirini akiwa kazini ndiye atakayeielewa "usipoziba ufa, utajenga ukuta" bila kutafsiriwa. Methali zije nyuma ya maisha, zisitangulie. Ukianza nazo, wageni huzikariri kama sala. Isipokuwa moja, ambayo ningewapeleka wakaione kabla ya kuisoma: nenda nao ufukweni mahali mafundi wanapounda mitumbwi, wasimame wakimtazama fundi akikalafati mbao kwa pamba, kisha ndipo uwaambie, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." (Katika maneno niliyotumia sasa hivi, "wakimtazama" na "akikalafati" yana -ki- isiyo ya sharti. Hiyo ifundishe mwezi mwingine.)

Tahadhari ndogo kuhusu vitenzi vifupi, yaani kula, kuja, kunywa, kuwa na wenzao. Kwa -ki- huacha ku yao: ukila, akija. Kwa -sipo-, -nge- na -ngali- huibakiza: usipokula, angekuja. Wanafunzi watasema "ukikula", nawe waambie kwa utani kwamba hayo si maneno ya mtu anayekula, bali ya kitu kinachomla mtu, kama ugonjwa. Kosa hilo hawatalirudia.

Kuhusu -nge-, usianze na ndoto za "ningekuwa tajiri". Mtu mzima wa miaka arobaini na tano anaona haya kujibu swali hilo mbele ya wenzake. Anza na adabu, kwa maana huko ndiko anakoihitaji kwanza: "Ningependa kumwona daktari." "Ungenisogezea kiti hicho." "Mama, ungepumzika kidogo." Hii ya mwisho ni hazina kwa muuguzi, kwa kuwa kumwambia mama mtu mzima "pumzika" ni amri, na kumwambia "ungepumzika" ni kumwachia heshima yake. Wakishaizoea sauti yake, ndipo uwape jambo lililo kinyume na hali ilivyo, na Mwanza imewapa mfano ulio wazi kabisa. Aliyewahi kusafiri kwenda Sengerema au Geita kabla ya tarehe 19 Juni 2025, siku lilipozinduliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takriban kilometa 3, anakumbuka foleni ya magari yaliyongoja kivuko. Basi mfanyabiashara wako wa Burundi aseme: "Daraja lisingejengwa, tungekuwa bado tunangoja." Akiweza kuitamka hiyo, na akaelewa kwamba daraja lipo na hakuna anayengoja, -nge- ameimaliza.

Inabaki -ngali-. Hapa nitakupa maoni yangu, nawe utayapima. Vitabu vya sarufi hufundisha kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado linawezekana, na -ngali- ni ya jambo lililokwisha kupita bila kutokea: "Ningalijua kuwa meli imejaa, ningalikata tiketi mapema." Tofauti hiyo ni nzuri na inafaa kuhifadhiwa katika maandishi. Lakini simama stendi ya Nyegezi saa moja usikilize watu waliokosa basi: utasikia "ningejua ningekuja jana", au "ningekuwa nimefika saa hizi", na hakuna atakayeelewa vibaya. Kwa hiyo mimi huwataka wanafunzi waitambue -ngali- wanapoisoma na wanapoisikia kwa wazee, na siwakosoi wakitumia -nge- kwa majuto ya jana. Ninachokosoa bila huruma ni kuchanganya: "ningejua, ningalikuja". Kiambishi cha upande wa kwanza ndicho cha upande wa pili. Wakishika hilo, watakuwa wamewapita wazawa wengi, wakiwemo baadhi ya watangazaji.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa makamo hapa Nansio, Ukerewe. Nyumbani kwangu anaishi mgeni aliyejifunza Kiswahili kwao kwa kutumia kitabu cha zamani. Husema "singekuja", "hatungekula", "hangeniambia". Majirani wanamcheka, naye ameanza kunyamaza. Je, anakosea?
Mama wa Nansio

JIBU: Hapana, mama, hakosei, na unaweza kuwaambia majirani kwamba wanacheka lugha ya watangulizi wao. Kukanusha -nge- kuna njia mbili. Ya kwanza huweka ukanushi mwanzoni, kama tunavyofanya katika "hatukuja": singekuja, hatungekuja, hangekuja. Njia hii ni ya zamani, na hadi leo utaisikia sana kwa wenzetu wa Kenya. Ya pili huingiza -si- katikati, baada ya kiambishi cha mtenda: nisingekuja, tusingekuja, asingekuja. Hiyo ndiyo iliyoenea Tanzania, shuleni na magazetini, na kwa sababu hiyo masikio ya Nansio yanaona ya kwanza kuwa ngeni.

Mgeni wako anaishi Ukerewe, kwa hiyo ni vema aizoee ya pili katika kusema, bila kuitupa ile aliyokuja nayo. Mfanyie mchezo mwepesi mnapopika: wewe unasema tukio lililotokea kweli, yeye anasema lipi lisingetokea. Wewe: "Uliniamsha, nikawahi meli." Yeye: "Nisingekuamsha, usingewahi meli." Wewe: "Umeweka chumvi nyingi, mboga imeharibika." Yeye: "Nisingeweka chumvi nyingi, mboga isingeharibika." Umbo hili lina faida moja iliyo wazi kwa mgeni: -si- inakaa palepale kwa watu wote na kwa ngeli zote, na hana haja ya kukumbuka kwamba "ni" hugeuka "si" na "a" hugeuka "ha". Kuhusu kunyamaza kwake, hilo linanisikitisha kuliko sarufi. Mwambie majirani hucheka pia lafudhi ya mtu wa Pwani akishuka melini.

SWALI: Ndugu Mwalimu, ninamfundisha Kiswahili mama mmoja Mkorea anayepanga nyumba hapa Bwiru. Mwenye nyumba amempa mkataba wenye maneno haya: "Endapo mpangaji atashindwa kulipa kodi…" Mwanafunzi ananiuliza kwa nini haikuandikwa "mpangaji akishindwa", na kama endapo, iwapo na ikiwa ni kitu kimoja. Sikuwa na jibu la kutosha.
Msomaji, Bwiru

JIBU: Kimaana yanakaribiana sana, na katika mikataba mingi ungeweza kubadilisha moja kwa jingine bila mwanasheria kulalamika. Yanayotofautiana ni makazi yake. "Endapo" na "iwapo" ni maneno ya karatasi: mikataba, matangazo, katiba za vikundi vya kuweka na kukopa. Mtu akiyatumia jikoni ataonekana anahutubia. "Ikiwa" husimama katikati, huingia ofisini na huingia nyumbani. Kwa upande wa sarufi, haya yote husimama nje ya kitenzi, hivyo kitenzi chenyewe hubaki na wakati wake wa kawaida: atashindwa, ameshindwa, anashindwa. Hiyo ndiyo faida inayowapendeza waandishi wa mikataba, maana wanaweza kutofautisha anayeelekea kushindwa na aliyekwisha kushindwa, jambo ambalo -ki- pekee hailiwezi.

Mwanafunzi wako ana bahati ya kuwa na kitabu ambacho atakisoma kwa makini kuliko chochote utakachomnunulia. Chukueni mkataba huo, sharti moja baada ya jingine, naye aligeuze kila moja kuwa maneno ambayo mwenye nyumba angeyasema mlangoni. "Endapo mpangaji atashindwa kulipa kodi kwa muda wa miezi miwili mfululizo, mwenye nyumba atakuwa na haki ya kusitisha mkataba huu" itakuwa: "Dada, usiponilipa miezi miwili, utahama." Kisha ageuze upande wa pili, yaani masharti yake yeye kwa mwenye nyumba, na hapo usimsaidie: bomba lisipotoa maji, paa likivuja, umeme ukikatwa kwa deni la mpangaji aliyetangulia.